UMEME USIOFUNGWA ARDHINI: HITILAFU YA KWANZA ISIDHARAULIWE

Umeme unaoingia katika nyumba na afisi nyingi za Unguja na Pemba hutoka kwenye transfoma ambayo nukta yake ya kati, inayojulikana kwa mafundi kama nyutro, imefungwa ardhini kwa waya na nondo. Mpango huo umezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaohitaji kuufikiria. Ipo hata hivyo mitambo ambayo, kwa makusudi au kwa kutojua, haikufungwa ardhini mahali popote. Miongoni mwake ni jenereta ndogo za kubebeka, mitambo ya umeme ya meli nyingi, vyumba vya upasuaji vya hospitali, baadhi ya viwanda na migodi, na katika baadhi ya nchi hata mitandao mizima ya kugawa umeme. Maelezo haya yanawahusu watumishi wenye dhamana ya mitambo ya aina hiyo pamoja na wananchi wanaoitumia, kwa sababu juu yake imeenea dhana moja ya hatari: kwamba umeme usiofungwa ardhini hauna uhusiano wowote na ardhi, na kwa hivyo hauwezi kumdhuru mtu aliyesimama juu yake.

Dhana hiyo haikuzuka bure. Mkondo wa umeme hupita pale tu unapopata njia ya kwenda na njia ya kurudi. Katika mtandao wa kawaida, mtu anayegusa waya wenye moto huku miguu yake ikiwa chini huikamilisha njia hiyo, kwani mkondo hurudi kwenye transfoma kupitia ardhi. Jenereta isiyofungwa ardhini haina njia hiyo ya kurudi, angalau kwa macho. Wakati Unguja ilipokosa umeme mwezi wa Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta za kila ukubwa ziliingia madukani, majumbani na maafisini. Aliyewahi kugusa waya wa jenereta ndogo bila ya kupata mshituko hushawishika kuamini kwamba jenereta zote ni hivyo. Kosa liko hapo, na asili yake ni jambo ambalo wahandisi huliita kapasitansi.

Vitu viwili vinavyopitisha umeme vikitenganishwa na kitu kisichopitisha, kama hewa, plastiki au mpira, vinakuwa na uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme baina yao. Uwezo huo ndio kapasitansi, na hupimwa kwa faradi au, kwa kuwa faradi moja ni kubwa mno, kwa maikrofaradi. Kapasita zinazouzwa madukani kwa ajili ya feni na pampu hutengenezwa kwa makusudi. Lakini kila waya uliotandazwa ukutani, uliozikwa chini au uliofungwa kwenye bamba la chuma la meli ni kapasita vilevile, ingawa hakuna aliyeitengeneza: waya ni upande mmoja, ardhi au chuma ni upande wa pili, na kihami kinachouvika waya kiko katikati. Umeme wa kawaida hubadili mwelekeo wake, ukienda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila unapobadilika chaji hiyo hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Kujaa na kupwa huko ni mkondo. Hautoboi kihami, wala hauhitaji kihami kibovu ili upite. Kwa hivyo mtambo unaoitwa huru na ardhi kwa hakika umefungwa nayo kila urefu wa waya wake, kwa kifungo kisichoonekana.

Ukubwa wa kifungo hicho ndio unaoamua nani atasalimika. Jenereta ndogo inayolisha taa chache kwa waya wa mita 25 ina kapasitansi ndogo mno. Mtu akigusa waya wake mmoja, mkondo utakaopita mwilini unaweza kuwa kama sehemu mbili kwa kumi za miliampea, kiasi ambacho watu wengi hawakihisi kabisa. Sasa ichukuliwe jenereta kubwa ya fezi tatu inayolisha jengo la ghorofa kadhaa au meli, ikiwa na waya zinazofikia kilomita na mashine zenye vichujio vya umeme ndani yake. Kompyuta na vidhibiti vya kasi ya mota kwa kawaida huwa na kapasita ndogo zinazounganisha waya na bodi ya chuma, na kila kifaa huongeza chake juu ya mwingine. Jumla yake ikifika maikrofaradi 3, mtu ambaye mwili wake una ukinzani wa omu 1,000 akigusa fezi moja ya mtambo wa volti 415, mkondo utakaompitia ni kiasi cha miliampea 165. Swichi za kuokoa maisha zinazowekwa majumbani hutakiwa kukata umeme mkondo unaovuja unapofika miliampea 30. Mkondo uliotajwa unazidi kiasi hicho zaidi ya mara tano, na unatosha kuua.

Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau. Kipimo cha ubora wa kihami kinaweza kuonyesha kwamba mtambo huo ni mzima kabisa, kwa sababu kipimo hicho hutafuta uvujaji kupitia kihami kilichoharibika, na si chaji inayojaa na kupwa. Kipimo kizuri hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kushika waya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi mitambo ya aina hii ikubaliwe. Jibu ni kwamba inapopatwa na hitilafu ya kwanza haizimiki. Katika mtandao uliofungwa ardhini, waya wenye moto ukigusa chuma au ardhi, mkondo mkubwa hupita, fyuzi hukatika na mashine husimama. Katika mtambo usiofungwa, mkondo unaopita ni ule mdogo wa kapasitansi tu. Fyuzi haikatiki na kazi huendelea. Kwa meli inayopita kwenye mkondo mkali wa bahari, usukani usiosimama ni uhai wa abiria. Kwa mgonjwa aliyefunguliwa kifua mezani, hali ni hiyo hiyo. Faida hii ni ya kweli na haifai kubezwa.

Gharama yake, lakini, ni kwamba hitilafu ya kwanza huubadilisha mtambo mzima. Katika hali ya uzima, fezi tatu za mtambo wa volti 415 zimekaa kila moja volti 240 kutoka ardhini, kwa sababu kapasitansi zao zinalingana na kusawazisha nukta ya kati karibu na ardhi. Fezi moja ikigusa ardhi, hiyo hushuka hadi sifuri, na zile mbili zilizobaki hupanda mpaka volti 415 kamili kutoka ardhini, yaani mara 1.73 ya kawaida. Mashine hazihisi kitu, kwani volteji baina ya fezi na fezi haikubadilika. Taa haziwaki zaidi wala mota hazibadili mlio. Lakini kila kihami cha fezi hizo mbili, kuanzia jenereta hadi swichi ya mwisho, sasa kimebeba mzigo mkubwa kuliko uliozoeleka, na kitaendelea kuubeba mpaka hitilafu iondolewe. Mahali palipodhoofika zaidi, penye unyevu, chumvi ya bahari au waya uliosuguliwa, patashindwa kwanza. Ikitokea hivyo, zitakuwepo hitilafu mbili katika fezi mbili tofauti, na mkondo mkubwa utapita baina yake kupitia chuma cha chombo au ukuta wa jengo. Wakati huo mashine mbili zinaweza kuzimika kwa pamoja, na mara nyingi moto huanza.

Ndiyo maana Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974 unataka kila mfumo wa umeme wa meli usiofungwa ardhini uwe na kifaa kinachopima hali ya kihami wakati wote na kutoa ishara ya sauti au ya mwanga pale inapodhoofika. Katika vyombo vya zamani ishara hiyo ilikuwa taa tatu zilizofungwa baina ya kila fezi na bamba la meli. Zikiwaka sawasawa, mambo ni shwari. Moja ikififia na mbili zikang'aa, fezi ya ile iliyofifia imegusa chuma. Taa hizo ni rahisi na hazidanganyi katika kazi hiyo, ila haziwezi kugundua kihami kilichochakaa kwa kiwango kimoja katika fezi zote tatu. Zipo pia tabia mbili za wanaozitumia zinazoziondolea maana: kuzima kengele kwa kuwa inapiga kelele, na kuandika daftarini kwamba hitilafu itatazamwa safari ijayo.

Hali huwa nzito zaidi volteji inapokuwa kubwa na waya zinapokuwa ndefu. Laini ya juu ya nguzo ya kilovolti 11 yenye urefu wa kilomita 10, ikiwa haikufungwa ardhini, hutoa mkondo wa hitilafu wa kiasi cha theluthi moja ya ampea. Laini hiyo hiyo ikibadilishwa kuwa kebo ya kuzikwa yenye maikrofaradi 0.3 kwa kila kilomita, mkondo hufika ampea 18, kwani ndani ya kebo waya na ardhi vimekaribiana mno. Theluthi ya ampea huweza kuzimika yenyewe tawi la mti linapoanguka. Ampea 18 hazizimiki kwa urahisi. Kebo ya kilovolti 33 yenye urefu wa kilomita 50 na maikrofaradi 0.2 kwa kilomita ingetoa kiasi cha ampea 180. Hesabu hii ya mwisho ni mfano tu na si maelezo ya kebo yoyote iliyopo, lakini wananchi wa visiwa, ambao umeme wao huvuka bahari kwa kebo, Unguja tangu mwaka 1980 na Pemba tangu mwaka 2010, wana sababu ya kufahamu kwa nini wahandisi huhangaika sana na namna ya kufunga nyutro za mitambo inayolisha kebo ndefu.

Nchi ya Finland inatoa funzo zuri juu ya jambo hili. Ardhi yake ni ya mawe na haipitishi umeme vizuri, na kwa sababu hiyo laini zake za kilovolti 20 zilijengwa kwa miaka mingi bila ya kufunga nyutro, ili mkondo wa hitilafu ubaki mdogo na ardhi iliyo karibu na nguzo isipande volteji ya kuua watu. Mpango huo ulifaa maadamu laini zilikuwa za juu. Baada ya dhoruba kali za Disemba 2011 kuangusha miti juu ya laini hizo na kuwaacha watu wengi gizani, sheria ya mwaka 2013 iliyataka makampuni ya umeme yaimarishe mitandao dhidi ya dhoruba, na njia kuu waliyoitumia ilikuwa kuzika kebo. Kebo zikaleta kapasitansi, na makampuni yakalazimika kuongeza koili maalumu za kupunguza mkondo wa hitilafu. Dawa ya upepo ilizaa maradhi ya ardhini, nayo ikahitaji dawa yake.

Hata hivyo, kupanda kwa mara 1.73 si hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa hutokea pale waya haukugusa ardhi kwa uthabiti, bali unaruka kwa cheche: mguso unaotikisika, kihami chenye ufa, majimaji yanayokauka na kurudi. Mkondo wa kapasitansi hupita kwenye sifuri wakati volteji iko kileleni. Cheche inapozimika kwenye sifuri hiyo, chaji hubaki imenaswa kwenye waya bila ya njia ya kutoka. Nusu ya mzunguko baadaye, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, volteji ya jenereta imegeuka upande wa pili na kujumlishwa na ile iliyonaswa, hata pale penye ufa pakapata volteji maradufu ya kilele. Cheche huruka tena kwa nguvu zaidi, mtambo hutikisika kwa kasi, na cheche ikizimika katika wakati mbaya hunasa chaji kubwa kuliko ya kwanza. Ngazi hiyo ikipandwa tena na tena, nadharia inaonyesha kwamba volteji inaweza kufika mara tano au sita ya kawaida. Mara nyingi haifiki huko, kwa sababu kihami hupasuka kabla.

Kitabu cha uhandisi kilichohaririwa na Donald Beeman na kutolewa Marekani mwaka 1955 kinasimulia kisa cha mtambo wa volti 480 usiofungwa ardhini. Kifaa kimoja cha kuwashia mota kilikuwa kikigusa na kuachia ardhi. Volteji iliyopimwa baina ya waya na ardhi ilizidi volti 1,200. Ilichukua kiasi cha saa mbili kuitafuta hitilafu hiyo, na ndani ya saa hizo mota baina ya 40 na 50 ziliungua. Mota hizo hazikuwa na kosa lolote, wala nyingi kati yake hazikuwa karibu na kifaa kibovu. Zilikuwa tu kwenye waya zile zile. Mota mpya ya volti 415 hujaribiwa kiwandani kwa volti 1,830 kwa muda wa dakika moja, na pengine ingestahimili. Mota iliyokaa miaka kumi kando ya bahari ni habari nyingine.

Ipo njia nyingine ya volteji kupanda, isiyohitaji cheche wala hitilafu ya kudumu. Transfoma ndogo za kupimia zinazofungwa baina ya fezi na ardhi zina viini vya chuma, na chuma hicho kikikutana na kapasitansi ya waya kwa kipimo fulani, vitu hivyo viwili hupokezana nguvu kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hali hii huitwa resonansi ya chuma. Huamshwa na jambo dogo, kama kufunga swichi, na huweza kuziunguza transfoma hizo huku mtambo wote ukionekana mzima. Mafundi huizuia kwa kufunga kikinza kwenye upande wa pili wa transfoma hizo. Vilevile, pale waya wa volteji kubwa unapogusa waya wa volteji ndogo ndani ya transfoma, upande wa volteji ndogo usiofungwa ardhini huweza kupandishwa wote, na kila aliyeshika kifaa wakati huo yumo hatarini.

Dawa ya msingi ni kuipa chaji njia ya kutoka. Mjerumani Waldemar Petersen, katika miaka ya 1916 na 1917, alionyesha kwamba koili ikifungwa baina ya nyutro na ardhi, na ikipimwa ilingane na kapasitansi ya mtandao, mkondo wake hupingana na ule wa kapasitansi na cheche hufa yenyewe. Koili hizo ndizo zinazotumika Finland, Ujerumani na kwingineko, na hubeba jina lake hadi leo. Kwa viwanda na mitambo ya volteji ndogo, njia rahisi zaidi ni kufunga kikinza kikubwa kwenye nyutro, kinachopitisha mkondo usiopungua ule wa kapasitansi ya mtambo mzima. Chaji inayonaswa humalizika kabla ya cheche kuruka tena, na volteji haipandi ngazi. Mtambo huendelea kufanya kazi hitilafu ya kwanza inapotokea, ila sasa bila ya kuhatarisha vihami vyote. Kikinza kilichopimwa kwa kubahatisha hakina faida. Lazima mkondo wa kapasitansi upimwe kwanza, na upimwe tena kila mtambo unapoongezwa waya.

Kwa wenye dhamana ya vyombo vya baharini na majengo ya Serikali, wajibu wa kwanza ni kuijua mitambo yao. Fundi aulizwe waziwazi iwapo nyutro ya jenereta imefungwa ardhini au la, na jibu liandikwe mlangoni mwa chumba cha jenereta. Pale isipofungwa, kengele au taa ya hitilafu iwepo na ifanye kazi. Ikilia, matengenezo hayangoji: laini zizimwe moja baada ya moja mpaka taa zirudi sawa, na laini iliyokutwa na kosa ibaki imezimwa. Ikiwa laini hiyo haiwezi kuzimwa kwa sababu ya usalama wa abiria au mgonjwa, hitilafu ishughulikiwe mara tu chombo kitakapofunga gati au upasuaji utakapokwisha, kabla ya kazi nyingine kuanza.

Wananchi wenye jenereta ndogo wanakumbushwa kwamba swichi ya kuokoa maisha iliyofungwa kwenye jenereta isiyofungwa ardhini haikati umeme kwa hitilafu ya kwanza, kwa sababu mkondo wa kurudi haupatikani. Kubonyeza kitufe chake cha kujaribia na kuona imekatika hakubadili jambo hilo. Jenereta ya nyumba nzima ifungwe na fundi mwenye sifa, kwa swichi ya kubadilishia inayoitenga kabisa na laini ya Shirika la Umeme, na nyutro yake ifungwe ardhini mahali pamoja tu. Waya wa jenereta usichomekwe kwenye soketi ya ukutani kwa hali yoyote. Na baada ya hitilafu ya ardhi katika mtambo mkubwa, kutengeneza ile sehemu iliyoungua hakutoshi: kihami cha kila mota na kila kebo iliyokuwa kwenye waya hizo wakati wa hitilafu kipimwe upya, na vipimo viandikwe daftarini kwa tarehe, kwani mota iliyojeruhiwa na volteji ya ziada huweza kufanya kazi wiki kadhaa kabla ya kuungua.